Siku Nne Ngamani

Kwa miaka kumi na saba nimesimama mbele ya ubao na kuwafafanulia wanafunzi wa kidato cha pili kwamba mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani. Tezi, huwaambia, ni sehemu ya nyuma ya chombo, omo ni ya mbele, na ngama ni pale chini kabisa yanapokusanyika maji yaliyopenya. Kisha huwapa maana ya ndani, wakaiandika, tukaendelea na methali inayofuata. Nimezaliwa Majengo, Mombasa, na kulelewa Majengo, na shule ninayofundisha iko mwendo wa dakika ishirini kutoka baharini, lakini hadi Alhamisi ya wiki iliyopita sikuwa nimewahi kuketi katika ngama ya chombo chochote. Kivuko cha Likoni sikihesabu.

Safari yenyewe ilianza kwa mwenzangu anayefundisha Hisabati, ambaye ami yake alikuwa akitafuta mtu mwepesi, mtiifu na asiye na kazi kwa siku nne, maana yalikuwapo makutano ya vyombo vidogo pale Mkomani, mkabala na Mji wa Kale, na kijana wake alikuwa ameugua. Sharti la makutano lilikuwa moja tu: chombo kiende kwa tanga, kasia, kafi au upondo, yaani mti wa kusukumia, na mashine ibaki nyumbani. Niliomba ruhusa ya siku mbili shuleni nikaenda. Asubuhi ya kwanza nilihesabu vyombo 31 juu ya mchanga, vingi vikiwa ngalawa na mitumbwi ya kutoka Kisauni na Mtwapa, pamoja na hori kadhaa, mashua mbili kutoka Lamu ambazo watu hawakuacha kuzizunguka, na vidau vyeupe vya plastiki vya watu wa mahoteli, ambavyo kusema kweli vilikwenda mbio kuliko wenyeji walivyotaka kukiri.

Ami, kama anavyoitwa na kila mtu pale hata na waliomzidi umri, alinitazama kuanzia utosini hadi kwenye viatu, akaniambia nivivue, kisha akanikabidhi kopo lililokatwa kutoka kwenye dumu la mafuta ya kupikia la lita tano, likiwa limeachwa na mkono wake na kukatwa mdomo kwa mshazari ili lifuate mviringo wa sakafu ya chombo. "Hiki ni upo," alisema. "Kazi yako ni hii. Mengine ni yangu." Neno hilo nimelikuta kwenye kamusi zaidi ya mara moja na kila mara nimelipita, nikidhani ni la mabaharia waliokwisha kufa. Ngalawa yake imechongwa kutoka katika gogo moja la mwembe, ikaongezwa ubao kila upande ili kuinua kingo, na hapo gogo linapokutana na ubao ndipo maji yanapoingilia, hata baada ya nyufa kuzibwa kwa kalafati. Hayaingii kwa kishindo. Yanatoka jasho, yanateremka kimyakimya, na baada ya robo saa unaona vidole vya miguu vimezama. Nilijifunza kwamba maji hayatekwi ovyo, bali husubiriwa chombo kilale upande mmoja, yakajikusanya, ndipo upo ukapita mara moja na kutupa kwa upande usioelekea upepo. Mara ya kwanza nilitupa kwenye upepo, na Ami akapangusa uso wake pasipo kusema neno.

Ijumaa tulingoja watu watoke msikitini, na alasiri, maji yakiwa yamejaa pomoni, tukatweka tanga tukashuka na mkondo wa bandari ya kale hadi mbele ya Ngome. Nimewapeleka wanafunzi Ngome Yesu mara zisizo na idadi, nimewatajia kwamba ilianza kujengwa mwaka wa 1593 na kwamba mwaka wa 2011 iliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia, lakini siku zote tumeingilia mlango wa barabarani. Ukiwa chini kwenye ngalawa, macho yako yakiwa shubiri tatu juu ya maji, ndipo unapoona jengo hilo lilikusudiwa kumtazama nani. Ukuta unaota moja kwa moja kutoka kwenye mwamba, na huoni mahali ambapo jiwe la Mungu limeishia na la Mreno limeanza. Ami alinyoosha kidole kwenye maji, si kwenye ukuta, akasema hapa chini kuna meli. Nilijua anachokisema: ni Santo António de Tanná, iliyozama mwaka wa 1697 wakati Waomani walipoizingira Ngome, na ambayo wapigambizi waliifukua kati ya 1977 na 1980, vitu vyake nimevionyesha wanafunzi vikiwa ndani ya vioo vya makumbusho. Yeye alikuwa akiijua kwa sababu nyavu hunasa.

Kurudi kulikuwa kazi nyingine kabisa. Kaskazi ilikuwa inavuma kutoka kule kule tulikotaka kwenda, kwa hiyo ilitubidi kubisha. Darasani kubisha ni kosa la adabu. Kwenye ngalawa ni kuuendea upepo kwa mshazari, mara upande huu mara upande ule, na kila unapogeuza, chombo hakielekezwi kwenye upepo bali kinazungushwa kwa kuupa mgongo, foramali, ule mti unaobeba tanga, inasimamishwa wima, na tanga zima linapitishwa mbele ya mlingoti hadi upande wa pili, huku demani, kamba ya kulikazia tanga, ikipiga hewani kama mjeledi. Tulifanya hivyo mara tisa kwa masafa ambayo kwa tuktuk yangenigharimu shilingi hamsini. Mara ya nne demani ilinichapa sikioni. Mara ya saba nilianza kusikia, kwa matako kuliko kwa masikio, lini tengo, ule ubao wa kando unaoizuia ngalawa isipinduke, la upande wa chini linazama kupita kiasi na lini Ami atalegeza.

Jumamosi ndiyo siku ninayoiandika kwa haya kidogo. Ami alipumzisha goti lake, nami nikajiunga na vijana watano na mzee mmoja wa Mikindani kwenye dau la makasia, tuingie hori ya Tudor, yaani mkono wa bahari, tupite chini ya daraja la Nyali na kutembea kwenye mikoko. Mwezi ulikuwa mpevu, yaani bamvua, na mtu yeyote wa pwani hii anajua, au anapaswa kujua, kwamba siku za bamvua hapa Mombasa maji hujaa karibu saa kumi alfajiri na kupwa kati ya saa nne na saa tano, na kwamba kati ya kujaa na kupwa kuna tofauti ya zaidi ya mita 3. Sisi tuliondoka saa mbili. Ami alitutazama tukisukuma dau akauliza tu, "Mnakwenda saa hizi?" Nilidhani anatusifu kwa kuamka mapema. Vijana watano walikuwa manahodha watano, kila mmoja akihesabu mapigo yake, makasia yakigongana kwenye vishwara, vile vitanzi vya kuyashikia, na kwa kuwa mkondo ulikuwa unatoka nasi tukiingia, tuliona tunajituma sana kumbe hatusogei. Saa tatu na nusu dau lilikaa juu ya tope, likainamia upande, likanyamaza.

Tulikaa hapo hadi saa sita. Ukishuka tope linakufika mapajani, kwa hiyo hukushuka mtu. Maji yaliondoka yote mbele yetu, mizizi ya mikoko ikabaki wazi kama vidole, kaa wakatoka mashimoni kwa mamia wakitupungia gando moja moja, na yule mzee wa Mikindani akafungua mkate wake akala. Alituambia kwamba ujanani alikuwa mkataji wa boriti za mikoko, na kwamba vipito hivi alivijua kuliko njia ya kwao; waliyakata majiti, wakayapanga kwa korija, yaani ishirini ishirini, na majahazi ya Arabuni yaliyokuja na Kaskazi yakayabeba yalipoondoka na Kusi, hadi serikali ilipopiga marufuku kusafirisha boriti nje mwaka wa 1982. Nilimuuliza kama alijua tutakwama. Alisema ndiyo, tangu tulipokuwa ufukweni. Mbona hakusema? "Sikuulizwa," alijibu, "na nyinyi mlikuwa mnasema sana."

Maji yaliporudi yalirudi bila ya kutangaza, kwanza kama mng'ao kati ya mizizi, halafu povu jembamba lililobeba majani. Kabla dau halijanyanyuka, ngalawa ya Ami ilitokea kwenye kona ikiletwa na mkondo, yeye mwenyewe ameketi tezini, kafi imelala mapajani, akiwa na chupa ya chai na mahamri ndani ya mfuko. Hakutucheka. Kumimina chai alianzia kwa mzee.

Mashindano ya Jumapili sitayaeleza kwa kirefu, kwa kuwa ushindi ulikuwa wa Lamu kabla hayajaanza. Wale watu wanashindana kwao kila Maulidi, na inaonekana. Mtu mmoja aliketi ncha ya ubao uliotoka nje ya chombo, mgongo wake ukikwangua mawimbi, wengine wakihamisha farumi, uzito wa kutuliza chombo, ya mifuko ya mchanga kila walipogeuza, na hakuna aliyepaza sauti. Kilichonikera ni vipaza sauti vya ufukweni, vilivyotangaza majina ya wageni waheshimiwa tangu asubuhi bila kumtaja hata fundi mmoja aliyechonga chombo kilichokuwa mbele yao. Sisi tulikuwa wa kumi na sita. Niliteka maji njia nzima, na safari hii hayakunifika vifundoni.

Jana usiku, nikiwa nasahihisha insha kwa kiganja chenye malengelenge mawili, simu ililia.

"Mwalimu, upo?"

"Nipo, Ami. Habari za tangu juzi?"

"Wewe najua upo. Nauliza upo wangu."

Nilinyanyuka nikautazama mkoba niliokuwa nao Mkomani. Ulikuwa humo, chini ya taulo, ungali na mchanga.