Mpaka wa miti iliyoangushwa

Leo nimekirudia kifungu cha 4 cha Mkataba wa New York, Agosti 7, 1790, kati ya Wakriki (Creek), wenyeji asilia wa kusini-mashariki mwa Marekani, na serikali ya Rais George Washington wa Marekani. Kimenikaa moyoni.

Jimbo la Georgia lilidai ardhi hadi mto Oconee. Alexander McGillivray, chifu wa Kikriki, akaenda New York na machifu wenzake kujadiliana.

Tatizo: mpaka ungefuata mto huo, nao una matawi. Chanzo chake ni kipi?

Basi wakaandika: mpimaji mmoja wa serikali, wazee 3 wa Georgia, machifu wazee 3 wa Kikriki. Wakutane Rock Landing, kando ya mto Oconee, Oktoba 1, 1791. Kutoka mlima Currahee hadi chanzo hicho miti iangushwe, njia ya upana wa futi 20 au zaidi, na miti ya kando ichanjwe kwa shoka.

Futi 20! Hata asiyejua kusoma angeuona mpaka huo.

Kifungu cha 6 kiliwaruhusu Wakriki kumwadhibu mlowezi atakayevuka. Walowezi wakavuka vivyo hivyo. Kufikia 1805 mpaka ulishasukumwa hadi mto Ocmulgee, magharibi zaidi. Inaniuma.

Kwenu mpaka wa shamba huwekwa kwa kitu gani: mti, jiwe, mkonge? Niambieni.