Vibanio saba vyekundu: ninavyomeza dawa za akili na bado naanika dagaa Kibirizi

Huu ni mwaka wa tano nameza klopromazini, dawa ya ugonjwa wa akili, kila usiku, na mwaloni Kibirizi, hapa Kigoma kando ya Ziwa Tanganyika, sikosi isipokuwa siku za mbalamwezi, ambapo hata mitumbwi ya dagaa haitoki. Nasema haya kwa kujivunia. Nilipoanza dawa, jirani mmoja aliniambia usoni: "Mama, hizo dawa zinazubaisha, biashara ya dagaa isahau." Mwingine akanishauri nimeze leo, kesho niruke, ili mwili usizizoee. Huyu wa pili nilimsikiliza, na mpaka leo nikikumbuka roho inaniuma.

Nilikuwa na nafuu ya miezi mitatu hivi. Silali macho, sisikii sauti, nacheka na wenzangu. Nikaanza kurukaruka siku, kisha nikaacha kabisa. Haikupita muda mrefu, asubuhi moja napima dagaa kwa sado, ile ndoo ndogo ya kupimia, nikasikia wateja wananisema kwamba nimejaza mchanga chini. Wateja wenyewe walikuwa kimya wanasubiri. Nikaibeba ile sado nikaimwaga yote ziwani, mbele ya watu, nipate kuwaonyesha kwamba haina mchanga. Mume wangu ndiye aliyenirudisha kliniki. Nesi hakunigombeza. Alisema, "Dada, hiyo nafuu uliipata kwa dawa. Siku ya kuipunguza ikifika tutaipunguza pamoja, kidogokidogo. Usiipunguze peke yako." Sentensi hiyo nimeishika kuliko maneno ya majirani wote.

Miligramu zangu siziandiki hapa. Zangu ni zangu, na mwenye ugonjwa kama wangu anaweza kupewa dawa nyingine kabisa.

Shida yangu ya kwanza ilikuwa saa. Mitumbwi inarudi alfajiri, na ukichelewa dagaa wazuri wamechukuliwa. Nikimeza saa nne usiku, saa kumi na moja alfajiri miguu yangu mizito kama imefungwa mawe. Nilimweleza nesi kazi yangu ilivyo, akaongea na daktari, tukasogeza hadi saa mbili usiku, wakati wa taarifa ya habari. Tangu hapo redio ikianza habari mimi nachukua maji. Hilo lilichukua dakika tano kuelezana, na nilikuwa nimeteseka nalo miezi.

Shida ya pili ilikuwa kusahau kama nimeshameza. Usiku mmoja nilimeza mara mbili. Asubuhi nikainuka ghafla kitandani, giza likanijaa machoni, nikaangukia ndoo. Nesi akaniambia dawa hii inaweza kushusha presha mtu anaposimama. Sasa naketi kwanza ukingoni mwa kitanda, nahesabu hadi thelathini, ndipo nasimama. Na nikisahau dozi, nikikumbuka usiku uleule nameza. Nikikumbuka alfajiri naiacha, nangoja ya usiku. Sirundiki mbili.

Ili nisirudie kosa nikabuni kikombe. Nikishameza nakigeuza kifudifudi juu ya kopo la dawa, asubuhi nakisimamisha. Kikombe kifudifudi, nimemeza. Kimesimama, bado. Kilinisaidia karibu mwezi mzima. Kisha binti yangu, mtoto mwema asiyengoja kutumwa, akaanza kukiosha jioni pamoja na vyombo vingine na kukirudisha juu ya kopo, kifudifudi, kama vyombo vinavyokaushwa. Siku mbili mfululizo nikaamini nimemeza. Usiku wa tatu usingizi ulikataa, nikaenda kuhesabu vidonge: viwili vimezidi.

Hapo ndipo nilipopata vibanio. Nilichukua vibanio saba vya nguo, nikavipaka rangi ya kucha nyekundu ili mtu asivitwae kuanikia. Ndani ya chumba nikafunga kipande cha kamba ya nyavu kati ya misumari miwili. Jumatatu asubuhi vyote saba viko upande wa kushoto. Kidonge kikishashuka kooni, kibanio kimoja kinakwenda kulia. Kisiguswe kabla. Niliwahi kusogeza kwanza, mara mtu akabisha hodi, kidonge kikabaki kiganjani hadi kikalowa jasho. Binti yangu sasa ndiye mkaguzi: Alhamisi asubuhi akikuta viwili tu kulia, ananiuliza. Kopo lenyewe liko juu ya kabati, limefunikwa vizuri, mbali na jua na mbali na mdogo wake.

Jua nalo lilinifunza. Kuanika dagaa ni kushinda juani, unageuza, unafukuza kunguru. Mwezi wa pili wa dawa, uso na mikono iliungua na kubabuka. Nikalaumu mafuta ya kujipaka, nikatupa kopo zima, elfu kadhaa zikaenda. Mafuta hayakuwa na kosa. Klopromazini huifanya ngozi iungue upesi juani. Sasa navaa mikono mirefu, khanga kichwani, kofia pana juu yake, na jua kali la mchana mwenzangu anageuza vichanja vyangu nami namtolea mawe na takataka kwenye dagaa wake nikiwa kivulini. Kinywa kukauka na choo kigumu navitibu kwa maji mengi na papai. Pombe sigusi, hata msibani, kwa sababu nayo inalaza kama dawa inavyolaza.

Jambo ambalo hakuna jirani aliyelijua ni hili la malaria. Kigoma malaria haiishi, na mimi nilikuwa nakwenda duka la dawa nanunua dawa ya mseto ya malaria kimyakimya, naona haya kutaja dawa za akili. Siku moja nikatoa kifuko changu cha dawa za akili nikakiweka mezani kwa daktari. Akashukuru. Akaeleza kwamba baadhi ya dawa za malaria zikikutana na dawa hizi zinaweza kuvuruga mapigo ya moyo, kwa hiyo lazima achague na aangalie. Sasa kifuko kinatangulia kila ninapotibiwa, hata kwa kiungulia, maana baadhi ya vidonge vya kiungulia huizuia klopromazini isifyonzwe vizuri vikimezwa pamoja.

Mume wangu anazijua dalili za kutongoja asubuhi: homa kali huku mwili umekakamaa, shingo kujipinda, macho kugeukia juu. Tumekubaliana zikitokea ni bodaboda moja kwa moja hospitali, hata usiku wa manane.

Vidonge vikibaki saba kwenye kopo, nakwenda kliniki kuchukua vingine. Kuna mwezi kwenye dirisha la dawa hawakuwa navyo, na hizo siku saba ndizo zilizonipa nafasi ya kuvitafuta mjini kabla kibanio cha mwisho hakijahama.