Viazi vya uani

Leo asubuhi kipupwe kimeuma kweli hapa Mikindani. Nikajifunga khanga ya pili, nikashika jembe.

Viazi vitamu hivi nilivipanda Februari, marando ya kuomba kwa jirani. Miezi minne na ushee napita tu, naangalia majani.

Pigo la kwanza, nikakikata katikati kiazi kikubwa kuliko vyote! Utomvu mweupe ukachuruzika, nikasikia uchungu utadhani nimejikata mwenyewe.

Jembe nikaliweka kando, nikafukua kwa mikono.

Udongo wa juu baridi, wa chini bado una joto la jana.
Hapo nilikaa sana, vidole vimezama tutani, hata kuchimba nikasahau.

Ndoo moja na nusu. (Panya buku kashachukua zake.)

Kile kilichokatika tumekichemsha kwanza, na chai ya tangawizi.

Jamani, nyie mnavichimbaje bila kuvikata?