Nilivyosimamisha mechi kwa ajili ya radi Kisii, na hesabu niliyotumia kuiahirisha

Tone la mvua halikuwa limeanguka refa alipopuliza kipenga dakika ya 31. Nusu ya uwanja ilikuwa bado inawaka jua. Kelele zilizofuata nilizitegemea: uwanja mkavu, mechi tamu, matokeo 1-0, mnasimamisha nini? Lakini mvua si kipimo cha radi. Radi inaweza kupiga kilomita 10 au zaidi kutoka mahali mvua inaponyesha, na huku kwetu saa zake zinajulikana. Mchana upepo wa Ziwa Victoria hupanda milima ya Gusii, hukutana na ule unaotoka mashariki, na kuanzia saa nane hivi mawingu huanza kujijenga. Saa kumi, saa ambayo kila mtu anataka mechi ianze, ndiyo saa yake.

Mimi nilikuwa msimamizi wa mechi. Sehemu kubwa ya kazi nilikuwa nimeimaliza kabla timu hazijavaa jezi.

Jambo la kwanza lilikuwa magari. Kila timu ilikuja na matatu mbili za watu 14, kwa hiyo kikosi cha wachezaji 18 na viongozi 4 kinaingia chote na nafasi inabaki. Shida ni kwamba dereva akishashusha timu hukimbilia abiria wengine hadi mechi iishe. Tulikubaliana bei ya kusubiri, magari yakaegeshwa nyuma ya goli la chini, mbali na mikaratusi. Gari la bati lililofungwa vioo ndilo kimbilio langu la kwanza. Watu husema ni kwa sababu ya matairi ya mpira, sivyo. Ni bodi ya chuma inayoupitisha umeme nje, kuuzunguka mwili wa gari mpaka chini. Ndiyo maana tuktuk na lori la turubai havikusaidii, wala hema la wageni, wala jukwaa lenye paa lisilo na kuta.

Watazamaji walikuwa kama 200, na hao mahali pao ni madarasani. Nilimwomba mlinzi wa shule afungue madarasa manne mapema, kwa sababu funguo hutafutwa kwa dakika kumi usizokuwa nazo. Darasa lisilo na kinga ya radi si ngome. Mwaka 2011 katika shule ya msingi ya Runyanya, Uganda, radi iliua wanafunzi 18 na mwalimu wao wakiwa shuleni. Kwa hiyo watu wakae katikati ya chumba, miguu pamoja, wasiegemee ukuta wala kushika vyuma vya madirisha, na simu zitolewe kwenye chaji. Anayesimama barazani atazame wingu hajajificha bado, na baraza ndipo kila kijana anapotaka kusimama.

Kisha refa. Mechi ikishaanza, sheria ya 5 ya soka inampa yeye uwezo wa kuisimamisha au kuivunja, si mimi. Nilikaa naye na makocha wote wawili dakika tano tu, tukakubaliana alama: nikiinua kibendera chekundu kwenye mstari wa kati, anapuliza mara tatu ndefu mpira ukiwa popote. Makocha walisaini. Saini hiyo ndiyo iliyoniokoa baadaye.

Kuhesabu kwenyewe ni rahisi. Ukiona mmweko, anza saa ya simu. Ukisikia ngurumo, isimamishe. Sauti huenda karibu mita 340 kwa sekunde, kwa hiyo kila sekunde tatu ni kilomita moja. Sekunde 30 au chini yake, watu wanaondoka. Kinachoharibu hesabu ni mambo mawili. Mchana wa jua mmweko hauonekani vizuri, na spika na vuvuzela huzima ngurumo za mbali. Nilimweka kijana mmoja nyuma ya madarasa, upande wa ziwa, kazi yake kusikiliza tu. Tukisikia ngurumo bila kuona mmweko, tunaondoka vilevile; ngurumo kwa kawaida haisikiki zaidi ya kilomita 15 hivi, kwa hiyo ukiisikia tayari uko karibu.

Dakika ya 24 tulipata sekunde 41, kama kilomita 14. Nilizima spika, nikawaambia madereva wawashe injini. Dakika ya 31 zikawa 28. Kibendera juu.

Kutoa watu wote uwanjani kulichukua dakika 6, na hapo wengi walikuwa wanatembea tu. Wingu linalokwenda kilomita 40 kwa saa hula kilomita 4 katika muda huo. Ukisubiri hadi sekunde 15, umechelewa. Kipa mmoja alibaki ameshika mwamba wa goli akibishana. Goli la chuma haliiti radi kutoka mbali, ila ikipiga jirani, aliyelishika ndiye anayepokea. Na wengi hawauawi na pigo la moja kwa moja. Umeme husambaa ardhini, hupanda mguu huu na kushukia ule, ndiyo sababu radi moja hulaza ng'ombe zizi zima. Ubishi kwamba jezi nyekundu huvuta radi pia ulikuja, maana timu ya wageni ilivaa nyekundu. Rangi haina kazi yoyote hapo.

Sasa hesabu iliyoamua mechi. Zilibaki dakika 59 za mchezo. Nikafupisha mapumziko yawe dakika 5, nikaongeza 4 za kufidia: 68. Baada ya saa 12:30 jioni refa haoni mstari vizuri. Rudi nyuma dakika 68, mpira lazima uanze saa 11:22. Toa 10 za kupasha misuli moto, ni 11:12. Toa 30 za kusubiri tangu ngurumo ya mwisho, ni 10:42. Niliiandika kwenye kiganja: 10:42. Ngurumo yoyote baada ya hapo, mechi haichezeki leo. Bila namba hiyo utasukumwa na kila mtu, na dakika ya 20 ya kusubiri, mbingu ikianza kuwa nyeupe, utakubali. Kila ngurumo mpya inaanzisha dakika 30 upya. Mzee mmoja aliponiambia tunaogopa kama watoto, nilimtajia Chelsea na Benfica kule Charlotte, Marekani, Juni 2025: walisimamishwa dakika ya 86, zimebaki nne, wakasubiri karibu saa mbili.

Saa 10:52 ilinguruma, sekunde 9. Mechi imeahirishwa. Lakini sikutangaza. Nilimwambia refa na manahodha peke yao.

Hapa ndipo waandaaji wengi hukosea. Ukitangaza "mechi imeahirishwa," watu 200 hutoka madarasani saa hiyohiyo, wapande bodaboda au wakate njia kwenye mashamba ya chai, radi ikiwa juu ya vichwa vyao. Ngurumo ya mwisho ilikuwa 11:09. Milango niliiachia 11:39, na tangazo likatoka hapo. Kuna walioniita mwongo. Sawa.

Wakati wa kungoja nilijaza karatasi: dakika 31, matokeo 1-0, kadi moja ya njano na namba ya aliyeipata, mabadiliko hakuna, mpira ulikuwa miguuni mwa wenyeji karibu na duara la kati. Manahodha wakasaini, nikapiga picha. Hii ni muhimu kwa sababu sheria ya 7 inasema mechi iliyovunjwa hurudiwa yote, isipokuwa kanuni za mashindano zinasema vingine. Zetu zinasema huendelea ilipoishia, kwa kikosi kilekile na kadi zilezile. Kama kanuni zenu ziko kimya, aliyekuwa anaongoza atalia, na ana haki.

Sanduku la huduma ya kwanza lilikaa nami darasani muda wote. Aliyepigwa na radi habaki na umeme mwilini, mguse mara moja. Wakiwa wengi, anza na anayeonekana amekufa: moyo huweza kurudi kabla ya pumzi. Bonyeza kifua mara 30, pumzi 2, kwa kasi ya 100 hadi 120 kwa dakika.

Dakika 59 zilizobaki tulizipanga Jumapili saa nne asubuhi, kabla milima haijaanza kukusanya mawingu. Zilianza kwa mpira wa kudondosha kwa mchezaji wa wenyeji, wengine wote mita 4 mbali naye.