Toroli si kipimo

Tangu Serikali ihamie Dodoma, kila barabara ya kutokea mjini ina mtu anayefyatua matofali. Nala, Ihumwa, Nzuguni, njia ya Mtumba, ukipita na daladala utayaona yamepangwa, kijivu tupu. Kwa macho yote ni mamoja. Yashike sasa: moja ukiligonga linalia, la pili unalimomonyoa pembeni kwa kidole, na yote yametoka kwenye mashine moja, siku moja, kwa fundi mmoja.

Hilo ndilo linalonikaa kichwani siku hizi, maana mimi ndiye ninayeshika daftari kwenye kiwanja cha shemeji.

Swali la kwanza la kila mteja ni "Mfuko mmoja mnatoa matofali mangapi?" Akisikia idadi kubwa anaondoka. Ni swali zuri, ila halitoshi. Mfuko wa saruji una kilo 50, huo hauna ubishi. Mchanga ndio unaopimwa kwa toroli, na ujazo wa toroli anaujua anayelisukuma. Asubuhi kijana ana nguvu, analijaza mpaka linafanya kichuguu. Saa nane mchana halifiki hata ukingoni.

Halafu kuna jambo ambalo wengi hawaliamini mpaka walione: mchanga wenye unyevunyevu huvimba. Utando wa maji unazitenga punje, hazilaliani vizuri, kwa hiyo toroli la mchanga mbichi lina mchanga kidogo kuliko toroli lilelile la mchanga mkavu. Tofauti yaweza kufika robo, na kwa mchanga laini hata zaidi. Sasa juu ya rundo, panapopigwa na jua letu hili, mchanga ni mkavu. Chini ni mbichi. Fundi anachota vilevile kila siku, na mchanganyiko unabadilika bila yeye kujua.

Tofali likivunjika wakati wa kupakia, shemeji alikuwa akipaza sauti: "Ongezeni saruji!" Kesho yake akiona gharama, ipunguzwe. Keshokutwa kosa ni la maji. Kila kelele ilileta badiliko, na matofali yakazidi kutofautiana.

Walter Shewhart, Mmarekani aliyekuwa akifanya kazi Western Electric, kampuni ya vifaa vya simu, alilichora jambo hili mwaka 1924: mstari wa wastani katikati, mipaka miwili juu na chini, na nukta za vipimo kwa mfuatano. Nukta zinazocheza ndani ya mipaka bila mpangilio ni tabia ya kazi yenyewe. Ukitaka zitulie, badili namna kazi inavyofanyika, usimfokee mtu. Inayoruka nje ina kisa chake, kitafute. Mwaka 1950 Mmarekani mwenzake, Deming, mtaalamu wa takwimu, aliwafundisha Wajapani mambo hayohayo, na magari yao tunayaona barabarani.

Basi nami nikachora kwenye daftari la miraba. Tunapima kwenye mizani matofali machache yaliyotoka kufyatuliwa, asubuhi na mchana. Uzito si nguvu, najua, na kupeleka tofali maabara ni habari nyingine. Lakini kalibu ni ileile, kwa hiyo jepesi ni lile ambalo halikushindiliwa sawasawa.

Nukta za mchana zilikuwa chini karibu kila siku. Mimi nilidhani ni uchovu. Fundi mmoja akanirekebisha: "Dada, mchanganyiko huu ukishakaa, hata uushindilie vipi haukamati." Kumbe walikuwa wakichanganya rundo kubwa mara moja ili wasirudierudie, na upepo wa Julai hapa hauna huruma. Sasa wanachanganya kidogokidogo. Mchanga tunaugeuza kwanza na kuufunika kwa turubai, na unapimwa kwa sanduku la mbao, juu unasawazishwa kwa kipande cha ubao. Nukta za mchana zimepanda, na saruji haijaongezwa hata kijiko.

Siku moja tu nukta ilitumbukia nje kabisa: boza la maji lilichelewa, mafundi wakabana maji. Shemeji alitaka tubadili vipimo vyote. Nikamwambia hapana, vipimo viache, nunua tenki la pili. Kumzuia asiguse kitu kilikuwa kibarua kuliko kutengeneza lile sanduku.

Lililobaki ni malipo. Mafundi wanalipwa kwa tofali, na anayelipwa kwa tofali hawezi kulipenda sanduku linalomchelewesha. Nilipendekeza walipwe kwa siku. Shemeji akanijibu kwamba watakunywa chai mpaka saa nne. Huenda ni kweli. Sasa tunazungumzia kulipa kwa mfuko, kwa idadi ya matofali tuliyokubaliana, ili asiwepo wa kuuvuta utoe zaidi. Wao wamekubali haraka kuliko nilivyotegemea. Kwenye bei ndipo bado tunavutana.