Vitumbua, laptopu na makopo mawili: siku yangu moja Tanga

Saa 10 alfajiri. Nawasha mkaa uani kwa mama mdogo, Ngamiani. Unga wa vitumbua niliusaga jana usiku: mchele kilo moja, tui zito la nazi mbili, sukari, hiliki na hamira ya kudokoa tu. Nikifunua ndoo, kwanza nanusa. Januari, joto la kaskazi limepamba moto, nilitia hamira kijiko kizima. Alfajiri unga umechachuka, nikamwaga wote. Sikuwa na hela ya mchele mwingine, maana pesa ya vitumbua ndiyo hiyohiyo niliyokuwa nalipia vocha na kutoa kopi. Wiki mbili jiko lililala. Tangu hapo nina makopo mawili, la mtaji na la faida, na la mtaji haliguswi kwa shida isiyo ya vitumbua.

Kitumbua cha kwanza ni cha kupimia. Chuma kikishika moto sawasawa namimina, na baada ya muda juu yake vinatokeza vijitundu kama sega la nyuki. Hapo ndipo pa kugeuza kwa kijiti. Ukiwahi kinachanika, ukichelewa kinaungua.

Saa 12:15. Deli liko kwenye keria ya baiskeli. Mji wetu ni tambarare, na barabara za Ngamiani zina namba, kwa hiyo wateja nawajua kwa barabara. Bibi wa barabara ya 14 huchukua kumi kila siku.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu. Nichagulie vilivyoiva, vya jana vilikuwa vyeupe."

Namchagulia kimoja kimoja. Kufika saa 1:20 nimeuza 58 kwa shilingi 200, yaani 11,600. Mchele, nazi, sukari, mafuta, mkaa na vikorokoro vingine vilinila 8,500. Faida 3,100. Naroweka mchele wa kesho, naoga, natoka.

Saa 2 hadi saa 7, darasani. Nasoma stashahada ya uhasibu, mwaka wa pili. Leo ni gharama zinazobadilika na zisizobadilika. Mwalimu anatoa mfano wa kiwanda, mimi pembeni ya daftari naandika nazi na mkaa, na somo linaniingia vizuri kuliko siku zote.

Saa 8 mchana. Nachapa ripoti ya fildi ya mwanafunzi mwenzangu, kurasa 22 kwa shilingi 500 kila ukurasa.

"Dada, na hitimisho si uniandikie tu? Nitakuongezea."

"Nachapa, kaka. Kuandika ni kazi yako."

Elfu kumi na moja kwa kikao kimoja ni zaidi ya faida ya vitumbua vya siku tatu. Lakini ripoti zina msimu wake, zikiisha laptopu inakaa mwezi mzima bila kazi. Kitumbua watu wanakula kila asubuhi. Ndiyo maana kwa anayeanza ningemwambia atafute kwanza kitu kinachouzika kila siku, hata faida yake ikiwa ndogo.

Saa 11 jioni, soko la Mgandini. Nazi naitikisa sikioni. Isiyolia maji naiacha hata ikipunguzwa bei.

Saa 3 usiku. Nimeshakuna nazi, nasaga. Mama mdogo anachungulia mlangoni.

"Ya mtaji umetoa?"

"Nimetoa, mama. 8,500."

Nachukua hamira kwa ncha za vidole viwili, nakoroga, nafunika ndoo.