Tarakimu ya mwisho

Juni 2024 nilikuwa Iringa mjini kwa mkataba wa miezi mitatu, nikichambua takwimu za utafiti wa udumavu. Timu tatu zilikuwa vijijini Kilolo zikipima watoto wa chini ya miaka mitano, na kila jioni vipimo viliingia kutoka kwenye vishikwambi vyao. Kazi yangu ya kwanza ilikuwa kuvisafisha kabla ya kuhesabu chochote.

Niliichukulia kazi ile kwa uchungu. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 ulikuwa umeonyesha kwamba asilimia 56.9 ya watoto wa Iringa wamedumaa, mkoa wa kwanza nchini, huku wastani wa taifa ukiwa asilimia 30. Njombe na Rukwa walitufuata wakiwa karibu na asilimia 50. Hii ni mikoa inayolisha nchi. Mimi nimezaliwa hapa, nimekua nikiona malori ya mahindi na viazi yakishuka Kitonga kwenda Dar es Salaam, na bado zaidi ya nusu ya watoto wetu hawafikii kimo chao. Sikutaka takwimu za kubabaisha.

Siku ya tano nikafanya jaribio dogo ambalo kila mchambuzi wa vipimo hulifanya. Urefu huandikwa mpaka sehemu ya kumi ya sentimita, yaani 83.4 au 91.7. Mtoto hachagui urefu wake uishie wapi, kwa hiyo ukiwa na watoto wengi, tarakimu za mwisho kuanzia sifuri hadi tisa zinatakiwa zikaribiane, kila moja ipate kama mtoto mmoja kati ya kumi. Timu mbili zilikuwa hivyo. Ya tatu, nguzo mbili tu zilisimama kwenye chati: sifuri na tano. Hizo nyingine karibu hazikuwepo.

Niliandika kwenye taarifa ya siku: "Timu ya tatu wanakadiria. Uzembe wa mpimaji." Mpimaji mwenyewe alikuwa mkunga mstaafu, mama wa makamo ya mama yangu mzazi, ambaye wote tulimwita Mama Mkunga. Asubuhi akanipigia. Hakupandisha sauti.

"Mwanangu, nimesikia ulichoandika. Njoo uone mwenyewe."

Nikapanda gari la asubuhi pale Ipogolo. Nilipofika, ukungu ulikuwa bado umelala juu ya mashamba na baridi ya Juni inapenya mpaka kwenye vidole. Akina mama walikuwa wamekaa kwenye baraza la ofisi ya kijiji, watoto migongoni, kila mtoto na sweta na kofia ya sufu. Mama Mkunga alinisalimia kwa heshima, akaniongoza hadi kwenye ubao wa kupimia, akanishika kidole cha shahada na kukiweka juu ya utepe wa namba.

"Nisomee hapo."

Utepe ule ulikuwa wa karatasi ngumu iliyobandikwa kwenye mbao. Kile kibao kinachoshushwa hadi utosini kwa mtoto kilikuwa kimevimba kwa unyevu, na kila kiliposhuka kilisugua utepe. Kuanzia kama sentimita 65 kwenda juu, pale pale ambapo watoto wengi wanaangukia, vistari vya milimita vilikuwa vimefutika kabisa. Vilibaki vistari virefu viwili tu: cha sentimita kamili na cha nusu. Chini ya 65, mahali ambapo kibao kilikuwa hakifiki mara nyingi, utepe ulikuwa mpya kama wa dukani.

Akafungua simu yake. Siku ya pili tu ya kazi alikuwa ameandika kwenye kundi letu la WhatsApp: "Ubao wetu hausomeki vizuri, tunaomba mwingine." Jibu la ofisi lilikuwa waendelee na kazi. Chini yake nikaona alama kwamba mimi pia niliusoma ujumbe ule. Niliupita, nikidhani ni habari za stoo, hazihusu takwimu. Nikamwomba radhi pale pale mbele ya wenzake. Akasema, "Yameisha. Sasa tupime."

Nilikuwa nimeazima ubao wa timu ya kwanza. Tukaanza na waliopimwa wiki ile, na wa nne kuitwa alikuwa mtoto wa kike aliyeletwa na bibi yake.

"Kamwene, bibi."

"Kamwene."

Kadi ya kliniki ilionyesha ametimiza miaka miwili siku chache tu zilizopita, kwa hiyo alipimwa akiwa amesimama. Angekuwa hajafika miezi 24 angelazwa. Mara ya kwanza walimwandika 79.5. Mstari wa udumavu kwa msichana wa umri huo uko kwenye 79.3; chini ya hapo anahesabiwa amedumaa. Kwa hiyo kwenye kompyuta yangu alikuwa salama.

Bibi akawa ananiuliza kwa nini anarudiwa. Akasema mjukuu wake ni mfupi kwa sababu ukoo wao ni wafupi. Nilimweleza kwamba viwango tunavyotumia kulinganisha vimo vilitokana na watoto wa Brazil, Ghana, India, Norway, Oman na Marekani, waliolishwa na kutunzwa vizuri, na wakiwa wadogo hivi walikua karibu sawa pamoja na koo zao zote. Akakaa kimya. Kisha akasema, kama anayejihesabia mwenyewe, kwamba mama wa mtoto anaamkia kwenye vibarua vya mbao na kurudi jioni, mtoto anashinda na uji wa mahindi na viazi, na maharage waliyovuna yaliuzwa karibu yote kulipia ada ya kaka yake.

Mama Mkunga alimvua mtoto kofia, akatengua fundo la nywele utosini, akamvua viatu na soksi. Akamsimamisha: visigino, makalio, mabega na kisogo vimegusa ubao. Msaidizi akashika miguu. Yeye akashika kidevu kwa mkono wa kushoto, akapiga magoti ili macho yake yawe sawa na kibao, akakishusha taratibu.

"Sabini na tisa nukta moja."

"Sabini na tisa nukta moja," nikarudia, nikaandika 79.1, nikamgeuzia kishikwambi ahakikishe. Akatazama, akatikisa kichwa kukubali, akamwita anayefuata.